Namba 30

Sendofu imepita salama, Bi Mkubwa karuhusiwa kutoka hospitali, na mimi bado nabishana kichwani na shemeji anayeishi Minnesota, Marekani. Boney M., lile kundi la disko la miaka ya sabini, walikuwa wanalia spika zote, akina mama wameshaacha viti, naye akaniinamia: "Shemu, hawa kwetu kule hakuna anayewajua."

Kwetu kule! Mtu wa Tanga huyu.

Nikamwambia kwenye chati ya Marekani walifika namba 30. Akacheka. "Namba 30 nayo ni namba?"

Tangu hapo kila nikiosha vyombo namjibu upya. Sawa, Rivers of Babylon mwaka 1978 uliishia namba 30 Marekani, na hakuna wimbo wao mwingine uliopanda zaidi ya hapo. Lakini mwaka huohuo Uingereza ulikaa namba moja wiki 5, na ulipoanza kuporomoka redio zikageukia upande wa pili wa santuri, Brown Girl in the Ring ukapanda hadi namba 2. Krismasi wakarudi kileleni na Mary's Boy Child. Santuri mbili, kila moja nakala zaidi ya milioni, hapohapo Uingereza. Tofauti ni hesabu: chati ya Waingereza ilitazama mauzo ya madukani, ya Wamarekani ilichanganya mauzo na kupigwa redioni. Redio zikikunyima, wanunuzi peke yao hawakufikishi juu. ABBA wenyewe kule waligusa namba moja mara moja tu, na Dancing Queen, 1977.

Na Moscow je? Walialikwa Desemba 1978, vita baridi hivyohivyo, ila wimbo wao Rasputin, wa yule mganga wa ikulu ya mfalme wa Urusi, hawakuuimba.

Jana usiku nikachoka kubishana, nikasikiliza tu. Ile sauti nzito ya kiume ni ya Frank Farian, prodyuza Mjerumani, akiwa studio. Bobby Farrell wa Aruba alicheza na kufuatisha kwa midomo. Za kike ni Liz Mitchell na Marcia Barrett, wote wazaliwa wa Jamaika. Maizie Williams kwenye santuri hayumo. Bobby alizunguka na nyimbo hizo mpaka akafia hotelini St. Petersburg, 30 Desemba 2010, mji uleule na tarehe ileile ya kifo cha Rasputin. Nikauzima muziki.

Mnaoniomba flashi: tafuteni rekodi zenye jina la Hansa, lebo yao ya zamani. Mkiona Boney M. halafu jina la mwimbaji mmoja limebandikwa pembeni, mara nyingi ni rekodi mpya. Ngoma za kinanda, besi nyembamba, na sauti nzito si ya Farian. Mkishazichanganya kwenye flashi moja, kuzitenganisha ni kazi.

Halafu hawa watu walitoa Malaika, 1981. Shemeji aende akaulize Minnesota na huo.

Luku imebaki uniti chache na fundi wa pampu hapokei simu.