Siku tulipogoma kumkata kiwavi

Jana binti yangu alikuwa anapekua picha kwenye simu yangu, akafika kwenye moja akanigeuzia, "Mama, hapa mbona nalia na nimevaa kofia ya bethdei?" Badala ya kumjibu nikaanza kucheka, mdogo wake akaja kuchungulia, akaona dada yake alivyokunja uso, wakaanza kugombania simu, nikaichukua. Ila toka jana yule kiwavi wa keki hajanitoka kichwani.

Binti alikuwa anatimiza miaka minne. Watoto wengine walikuwa wanataka malkia na magari ya mbio, wa kwangu kaja na la kwake, anataka sherehe ya wadudu, na sio vipepeo tu, wadudu wote, na wale wa chini ya udongo wawepo. Mama yangu aliposikia akauliza kama tumeishiwa chakula. Dada yangu akasema nunua keki ya kawaida umalize. Mi nilikuwa nimeshaiona meza yote kichwani, sasa hapo nani angenizuia?

Udongo ulikuwa kazi ndogo, biskuti za chokoleti unazitoa krimu ya kati, unazifunga kwenye mfuko unazipondaponda kwa chupa, basi. Raha yangu ilikuwa nyungunyungu. Unachukua ile mirija yenye shingo ya kukunjika, unaivuta shingo ili mikunjo itokeze (hiyo ndio inampa nyungunyungu pete zake), unaibana mingi kwa pamoja kwenye glasi ndefu, unamimina jeli. Maji weka pungufu kidogo kuliko pakiti inavyosema ili ikaze, na krimu kidogo ndani yake ili isiwe ya kuona ng'ambo. Inalala kwenye friji usiku kucha, asubuhi unapitisha mrija kwenye maji ya vuguvugu sekunde chache, unaminya kuanzia upande ulio mtupu, na nyungunyungu anatoka taratibu anajikunja mwenyewe kwenye sahani. Mama alikuja kuangalia, akaguna, akarudi sebuleni. Dada alitaka nichanganye na juisi ya nanasi freshi nikamkatalia, nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya jeletini, jeli haigandi hata ukeshe nayo. La kopo halina shida maana limeshapitia moto.

Zabibu nilizikata vipande vinne kwa urefu, umri ule zabibu nzima inaweza kumkaba mtoto. Bisi nilizifuta kwenye listi kwa sababu hiyo hiyo, walikuwepo wadogo wa miaka miwili mitatu.

Sasa kiwavi. Nilioka keki ya duara yenye tundu katikati, nikaikata nusu kwa nusu, nusu moja nikaigeuza nikaziunga ncha kwa ncha, ukishafanya hivyo unapata mwili unaojipinda kama herufi S. Siagi gramu 250, sukari ya aisingi gramu 500, piga mpaka iwe nyeupe. Kwanza unapaka tabaka jembamba la kushika makombo, friji, halafu ndio unapaka la ukweli. Rangi ya kijani uiachie ikiwa bado imepauka, maana ikikaa inazidi kukolea. Miguu nikamwekea vidonge vya chokoleti, macho mashmelo mawili yenye nukta nyeusi katikati. Jicho moja lilikaa upande kidogo, na hiyo ndio ilimpa sura ya mtu mwenye aibu anayeomba radhi mapema. Nilimpenda, nisidanganye.

Tukaimba, mishumaa ikazimwa, nikashika kisu. Binti akanishika mkono.

"Mama, unamfanya nini?"

"Namkata tugawane."

"Ataumia."

Mara ya kwanza watu wazima walicheka, mi pia. Halafu nikaona watoto wote wamesogea mezani wamekaza macho kwa kiwavi, kelele zote zimekatika. Mmoja akasema hana damu huyo, ni keki. Mwingine, mtoto mpole ambaye toka afike hakuwa amesema neno, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Akikatwa hatakuwa kipepeo." Ah! Hapo ndio yalipoharibika. Binti akaangua kilio, wa pembeni yake naye, kikazunguka meza nzima, na mimi nimesimama na kisu juu, mtu anapiga picha. Mama akaona aokoe jahazi, akasema mjukuu wangu tazama, hii ni keki tu, akanyoosha mkono akang'oa jicho moja akalitia mdomoni. Vilio alivyoleta hapo sitaki kuvieleza.

Tukamhamishia kiwavi jikoni, mlango ukafungwa. Na cha ajabu, wale wale watoto waliokuwa wanamlilia wakarudi kwenye nyungunyungu, wakawa wanawainua juu kwa vidole, wanawaacha wacheze cheze, wanawameza wazima wazima huku wanacheka. Udongo wakaukomba na vijiko. Hakuna aliyewaonea huruma nyungunyungu. Mpaka leo nikifikiria naona ni macho tu, kitu ukishakipa macho kimeshakuwa mtu, ila dada yangu anasema hapana, ni ule mdomo wa kutabasamu, na tumeshabishana sana.

Usiku watu wazima tulimla jikoni tukiwa tumesimama. Alikuwa mtamu. Kesho yake binti akauliza yuko wapi, baba yake akajibu haraka haraka kwamba ameshageuka kipepeo, karuka. Binti akamwangalia, akaniangalia na mimi, akaiangalia sinki iliyokuwa na kisu chenye aisingi ya kijani, akaondoka bila kuuliza tena. Alituamini au alitusitiri, sijui, na kwa miaka minne sidhani hata yeye alijua.

Toka hapo keki zangu hazina uso. Tumeshafanya volkano, tumefanya ndoo ya rangi iliyomwagika, mwaka jana mdogo wake kataka treni na kataka iwe na macho kwa mbele, nikamwambia treni hii ni ya mizigo, za mizigo hazina. Akafikiri, akakubali. Kisu akashika yeye mwenyewe, nikamshikia mkono kwa nyuma, na akaanza na behewa la mwisho, eti ili kichwa kiweze kuondoka.