Majina kumi na manne, likabaki moja: tulivyozipa jina mbio zetu za Dar

Tulipoanza kutafuta jina la mbio zetu tulipewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: "Chukueni jina la mtaa, malizieni na Marathon, kesho mko sokoni." Wa pili: "Nendeni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, mkasajili jina la biashara, hapo mmeshalimiliki." Wa tatu ulitoka kwa mtu aliyezoea matamasha: "Mpeni mdhamini jina lote, pesa itakuja yenyewe." Wote watatu ulikuwa ushauri mbovu, na bado nausikia kila msimu ukigawiwa kwa klabu za jogging za Temeke, Kinondoni na Ilala.

Nianze na hilo neno Marathon. Marathon ni kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908. Sisi tulikuwa na kilomita 10 na kilomita 5. Mkimbiaji makini akiona Marathon kwenye tangazo, akapanda basi kutoka Arusha, akafika akakuta kilomita 10, hatarudi tena na wenzake hawatakuja. Lakini ubaya mkubwa uko kwingine. Neno hilo ni la kila mtu, na jina la kata nalo ni la kila mtu. Ukiyaunganisha unapata jina ambalo jirani yako anaongeza neno moja tu, anaandaa ya kwake Jumapili inayofuata, na huna la kumfanya. Jina linalotaja kitu chenyewe na mahali kilipo ni dhaifu kwenye usajili, kwa sababu halimtofautishi huyu na yule.

Umbali nao tuliuondoa kwenye jina. Ukijiita "10K" umejifunga. Njia ya mbio hupimwa kwa kuongeza sehemu moja ya elfu ili isije ikawa fupi, kwa hiyo kilomita 10 zinapimwa mita 10,010. Na kwa ujenzi wa barabara za mwendokasi ulivyo hapa mjini, njia ya mwaka huu si ya mwakani. Tukabaki na orodha ya majina kumi na manne, matatu ya Marathon yakafutwa siku hiyo hiyo.

Yaliyofuata kufa ni mawili tuliyoyapenda sana. Njia yetu inakatisha bonde la Jangwani na kupita karibu na Mtaa wa Msimbazi, na yote ni majina mazuri, mafupi, yenye historia. Tatizo ni kwamba Dar hii Jangwani ni Yanga na Msimbazi ni Simba, basi. Ukitoa fulana yenye neno Jangwani, shabiki wa Simba haivai hata ukimpa bure, na ukitoa ya Msimbazi mambo ni yale yale upande wa pili. Hata neno la kawaida kabisa kama Wananchi limeshachukuliwa na Yanga, na Mnyama limechukuliwa na Simba. Tazama walivyoyapa majina matamasha yao ya kufungua msimu. Simba walikuwa na Simba Day. Yanga walipokuja na la kwao hawakukopa hiyo "Day", wakaliita Wiki ya Mwananchi. Siku moja ikajibiwa kwa wiki nzima, na jina la klabu likajibiwa kwa jina la mashabiki wenyewe. Kila upande unachagua neno huku jicho moja liko kwa mtani.

Rangi nazo ni zile zile. Nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga, bluu na nyeupe ni Azam. Ukitoka kwenye mpira unakutana na kampuni: nyekundu ni Vodacom na Airtel, chungwa ni Halotel, kijani ni CRDB. Sisi tuliishia kwenye fulana ya rangi ya kahawa. Watu waliinunia mwanzoni, sasa wanaitambua kwa mbali.

Jaribio lililotugharimu zaidi lilikuwa la jina lenye mlima. Tulilipenda, tukalichorea nembo, tukachapa vitabu vya maombi ya udhamini ishirini vyenye jalada gumu, laki kadhaa zikaenda. Tukapata miadi na kampuni moja ya vinywaji. Afisa masoko alitukaribisha vizuri, akachukua kitabu, akatazama jalada, akakirudisha mezani bila kukifungua. Akasema, "Kaka zangu, hili ni jina la kinywaji cha mwenzangu. Nikiliweka kwenye bango nitakuwa namlipia yeye tangazo." Kikao hakikufika dakika kumi.

Na alikuwa sahihi. Kaa chini uhesabu. Kilimanjaro ni bia ya TBL na pia ni maji ya Bonite. Serengeti ni bia ya SBL. Safari ni bia, Ndovu ni bia. Uhai ni maji ya Azam. Twiga ni saruji, Simba ni saruji pia, Tembo vilevile. Azania, Amana na Akiba ni benki. Maneno yote yanayomjia Mtanzania kwanza anapofikiria fahari ya nchi yameshakaa kwenye chupa, kwenye mfuko au kwenye kadi ya benki. Kwa hiyo jina la mnyama au mlima linamfukuza mdhamini mmoja kabla hujamuona, na yule mwenye neno hana sababu ya kukulipa, maana tayari unamtangaza bure. Tulikuwa na majina mawili ya aina hiyo. Yote yakafutwa jioni ile.

Kutaja jina kwa kumwangalia mpinzani hakukuanzia Kariakoo. Kuelekea Olimpiki ya Mexico ya 1968, waliokuja kuwa Nike walitaka kiatu chao cha mbio kiitwe Aztec. Adidas walikuwa na kiatu chenye jina la Azteca, wakatishia kwenda mahakamani. Wale wakatafuta nani aliwashinda Waazteki, wakakiita kiatu Cortez, jina la Mhispania aliyeiangusha dola yao. Hadi leo kinauzwa kwa jina hilo. Na Adidas yenyewe ni mtoto wa ushindani wa damu moja: ndugu wawili wa familia ya Dassler waligombana, mmoja akaanzisha kampuni aliyotaka kuiita Ruda, ikawa Puma mwaka 1948, na mwingine akasajili Adidas mwaka 1949, kila mmoja akianza na herufi za jina lake.

Mtu wa kamati alileta "Olimpiki ya Kata". Hilo liacheni kabisa. Pete tano zina mkataba wake wa kimataifa, uliotiwa saini hapa hapa jirani, Nairobi, mwaka 1981, na neno lenyewe lina wenyewe. Kule San Francisco waandaaji wa michezo ya mwaka 1982 walizuiwa kulitumia, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1987. Nasema hivi kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na najua mabonanza ya mtaani yatataka kuitwa AFCON. CAF wana wadhamini wanaolipia neno hilo. Andikeni "bonanza la Afrika Mashariki", andikeni chochote, ila hilo msiliweke kwenye fulana ya kuuza.

Jina la Tanzanite nalo lilikuwepo, kwa sababu ya daraja la kule baharini. Ni neno tamu, lakini ni daraja, ni jiwe, ni timu ya taifa ya wasichana, na hata jiwe lilipewa jina hilo na Tiffany wa New York mwaka 1968 kwa ajili ya biashara. Ungekuwa wa nne kwenye foleni.

Sasa mbinu ambayo nawashauri wote: jaribio la bodaboda. Tulikwenda vijiwe vitatu, Mwenge, Buguruni na Mbagala, saa ya makelele. Unampigia simu dereva aliye hatua ishirini mbali nawe, unataja jina mara moja tu, unamwomba akuandikie alivyosikia kwenye WhatsApp. Usimrudie. Majina mawili ya Kiingereza yalianguka hapo. Moja tuliliandikiwa kwa namna saba tofauti kwa watu kumi, na mtu akilitafuta mtandaoni kwa tahajia hizo hakupati, anampata mwenzako. Jina la Kiswahili lenye silabi wazi, lisilo na konsonanti zilizobanana, watu tisa kati ya kumi waliliandika sawasawa.

Halafu chukua rula. Wachora mabango wana kipimo chao: herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri kutoka mita 3. Bango la kawaida ni mita 3 kwa 1. Ukiacha ukingo unabaki na sentimita 270. Jina la herufi 24 linakupa sentimita 11 kwa herufi, yaani urefu wa kama sentimita 17, na litasomeka kutoka mita 20 hivi. Jina la herufi 10 linakupa sentimita 27 kwa herufi, urefu wa 40, na mtu aliye kwenye daladala mita karibu 50 analisoma. Jina letu lina herufi nane. Ni neno la wavuvi wa Feri la kutaja hali ya maji. Sitaliandika hapa kwa sababu ombi letu moja la usajili bado liko kwenye jarida linalotangaza maombi, na sioni haja ya kumkumbusha mtu.

Nikija kwenye usajili, ule ushauri wa pili ndio uliotaka kutuponza. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Halikupi nguvu ya kumzuia mtu kuchapa jina lako kwenye fulana. Kinachokupa nguvu hiyo ni alama ya biashara na huduma, ni BRELA hao hao lakini ni maombi mengine na sheria nyingine, ile ya 1986. Hapo unachagua daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma: 41 kwa tukio lenyewe la michezo, 25 kwa nguo, 32 kwa maji na vinywaji. Sisi tuliwasilisha maombi mbalimbali, kila daraja na lake. Kabla ya hapo tafuta kwa sauti, usitafute kwa tahajia pekee: badilisha k na c, s na z, ondoa h, unganisha maneno, yatenganishe. Jina letu la kumi na mbili lilifia hapo, lilikuwa limetofautiana na la mtu kwa irabu moja tu, kwenye daraja lile lile la 25. Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60. Ukisajiliwa unapata miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ada zenyewe hazikutuuma kama vile vitabu vya jalada gumu.

Kuhusu mdhamini: usimpe jina, mpangishe. Ligi Kuu yetu imeitwa Vodacom, leo inaitwa NBC, na kijiweni watu bado wanasema Ligi Kuu. Kombe la Ligi la Uingereza limekuwa la maziwa, la Coca-Cola, la Carling, la Capital One, la Carabao, hadi mtu anajua umri wa mwenzake kwa jina analolitumia. Kwenye mkataba wetu jina la mdhamini linatangulia, kwa herufi zisizozidi nusu ya urefu wa zetu, nembo mbili haziunganishwi, na haki hiyo inakwisha siku mkataba unapokwisha. Biashara za aina moja hazikutani: benki moja, simu moja, kinywaji kimoja. Wakizidi, wagawie umbali, kama Kilimanjaro Marathon inavyofanya: 42 ni ya bia, 21 ikawa ya Tigo, na Tigo ilipogeuka Yas mwishoni mwa 2024 kilichobadilika ni kile kipande cha mbele tu.

Hili lilituokoa kabisa. Siku tisa kabla ya mbio mdhamini wetu mkuu alijitoa. Fulana 400 zilikuwa zimeshachapwa jina letu kifuani, upana sentimita 28. Lakini tulikuwa tumetengeneza skrini mbili za kuchapia, ya jina peke yake na ya mdhamini peke yake, na ile ya pili hatukuigusisha kitambaa kabla fedha haijaingia benki. Siku ya sita akaja mshindani wake wa biashara ile ile, akifurahi kupata nafasi. Tulichoma skrini mpya kwa mwanga asubuhi, wavu wa 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, tukaiosha, ikakauka. Kwenye kitambaa cha rangi ya kahawa unapiga nyeupe kwanza, unaikausha hadi isinate kidoleni, ndipo unapiga rangi ya mdhamini juu yake. Ukiharakisha, rangi inazama na nembo inaonekana chafu. Vijana wawili walimaliza zote 400 usiku mmoja. Medali hazikuguswa kabisa, kwa sababu chuma kiliandikwa jina letu tu na mdhamini alikaa kwenye utepe. Fundi wa Kariakoo alishona tepe mpya kwa siku mbili.

Iliyobaki ni Zanzibar. Usajili wa Bara hauvuki bahari, kule ni BPRA, wakala wao wa usajili, na maombi yake, na tunayapeleka mwezi huu kabla mtu wa Darajani hajaanza kuchapa.