Kibanio kwenye Daftari la Mbegu

Msimu wa kwanza nilisoma hadithi yote kwa kikao kimoja. Ilikuwa hadithi ya mbegu ya alizeti, yenye picha kubwa za rangi, na watoto wangu 12 wa chekechea, wa miaka minne na mitano, waliisikiliza bila kupepesa. Nikafunua ukurasa, mbegu ikachipua. Nikafunua mwingine, ua limechanua, pana kama sinia. Tukatoka nje, kila mmoja akafukia mbegu yake. Asubuhi ya pili nikawakuta watatu wamepiga magoti bustanini, wanafukua.

"Mwalimu, yangu imekataa," mmoja akaniambia, machozi yanamlengalenga.

Mbegu yake ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu. Alizeti huchukua siku 70 hadi 100 kukomaa, kutegemea aina na joto, na mimi nilikuwa nimewaonyesha kwamba kati ya mbegu na ua kuna unene wa karatasi moja. Kwa mtoto wa miaka minne, anachosomewa na mwalimu wake ndivyo dunia ilivyo.

Nikatafuta kibanio cha nguo. Kurasa zote ambazo bustani yetu ilikuwa haijazifikia nikazibana pamoja, na nikawaambia watoto kwamba kitabu hakiruhusiwi kuitangulia bustani. Walilalamika siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wakikimbilia kwenye tuta kabla hata ya kuweka mikoba yao, kutazama kama tumeruhusiwa kufungua ukurasa.

Vitabu vingi vya picha, hata hivyo, vinarukaruka sana, kwa hiyo nikaanza kuandika vyangu kwenye daftari la kuchorea. Hadithi moja kwa wiki, dakika kumi hivi, na niliisoma ileile siku tatu mfululizo. Watoto wa umri huo hawachoki kurudiwa. Siku ya tatu wanakuwa wanaisema pamoja nawe, na hapo ndipo maneno kama chipukizi, palizi na chavua yanapokaa kinywani. Nilisoma kabla ya kutoka nje, kamwe si baada. Tukirudi wamechoka na wana kiu, lakini wakitoka na hadithi mbichi kichwani, kila mmoja anajua anachokwenda kutafuta.

Mvua zilipoanza tulipanda maharage na mahindi. Nilichagua mbegu kubwa kwa makusudi, maana vidole vidogo haviwezi kushika mbegu za karoti, halafu karoti huweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuonekana. (Mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya kung'aa, sikuziingiza darasani kabisa. Na niliwakataza kutafuna maharage mabichi, kwa kuwa yana sumu inayoumiza tumbo.) Machache tuliyaweka kwenye glasi, yakiwa yamebanwa kati ya kioo na pamba yenye unyevu, ili tuone kinachofanyika chini ya ardhi.

Hadithi ya wiki hiyo ilikuwa ya mzizi unaotafuta maji gizani. Ilipofika mahali ambapo mzizi unajiuliza chini ni wapi, nikafunga daftari. Tukailaza glasi moja ubavu, ikabaki hivyo. Baada ya siku mbili ncha ya mzizi ilikuwa imepinda, inaelekea chini. Kelele zilizotoka darasani nazikumbuka mpaka leo. "Nani amemwambia?" waliuliza, na swali hilo nililiacha hadi kesho yake, ndipo nikawasomea kwamba ncha ya mzizi huhisi mvuto wa dunia, kama wao wanavyojua chini ni wapi hata wakifumba macho.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelitia maanani mpaka mtoto mmoja aliponivuta mkono. Maharage yalichomoza yakiwa yamebeba vipande viwili vinene vya mbegu. Mahindi yalichomoza na ncha moja nyembamba tu. "Haragwe limetoka na begi lake," akasema, "hindi limeacha lake chini." Ndivyo ilivyo hasa. Vile vipande ni akiba ya chakula, na mahindi huibakiza akiba yake udongoni. Usiku ule niliandika hadithi ya safari ya wawili hao, na kila begi la haragwe lilipozidi kusinyaa, watoto walijua chakula cha njiani kinakwisha na majani yameanza kujipikia.

Hadithi ya nyungunyungu iliniumbua. Nilimchora na macho mawili makubwa na tabasamu. Mvua ikanyesha, nyungunyungu wakatoka, na msichana mmoja akachuchumaa akimtazama mmoja muda mrefu, akimgeuza kwa kijiti. Akaja kuniambia kwamba wa kwetu ni mgonjwa, hana macho. Nyungunyungu hawana macho; ngozi yao ndiyo inayohisi mwanga, na kwa ngozi hiyohiyo, ikiwa na unyevu, wanavuta hewa. Niliyafuta macho yale mbele ya darasa zima, nikawaambia nilikosea. Tangu hapo nikajiwekea mpaka: mnyama au mmea katika hadithi zangu anaweza kusema na kuogopa, lakini mwili wake na kazi yake havibadilishwi. Sipendi mtoto aende bustanini akakuta ukweli ukiwa mdogo kuliko hadithi.

Halafu sota, viwavi wanaokata miche, wakaja. Usiku mmoja walikata miche mitano ya maharage usawa wa ardhi, ikalala kama imekatwa kwa wembe. Mtoto mmoja alileta daftari, akaniomba nisome tena, "lakini mara hii haragwe asife." Nilikaa kimya kidogo. Nilitamani kumkubalia. Badala yake nikachora ukurasa wenye shina lililokatwa, na wa pili wenye mikono inayofukia mbegu nyingine palepale, kisha tukatoka tukafanya hivyo. Kila mche mpya tukauzungushia kola ya karatasi ngumu, iliyozama kidogo udongoni, sota asiufikie. Palizi niliisimulia kwa wimbo wa kurasa mbili tu.

Maboga ndiyo yaliyowafundisha subira kuliko mimea yote. Maua ya kwanza yakafunguka alfajiri, yakanyauka, yakaanguka bila kuacha kitu, na darasa zima likahuzunika. Nilikuwa na hadithi tayari: maua yanayotangulia kwa kawaida ni ya kiume, yenye chavua, na ya kike hufuata yakiwa yamekalia kiboga kidogo shingoni. Yasipofikiwa na nyuki kiboga hicho hukauka. Kwa wiki nzima watoto walikagua shingo za maua kila asubuhi, na nyuki, ambao mwanzoni waliwakimbia, wakawa wageni wanaongojwa.

Kilichonipa kazi zaidi ni kipindi cha kiangazi, ambapo hapakuwa na cha kukimbilia asubuhi. Nilijaribu hadithi ya lundo la mboji, na ikashika kwa sababu lundo lilikuwa kubwa na lenye unyevu, hata mkono ukiwekwa juu unasikia joto. Niliwasomea juu ya viumbe wadogo wasioonekana wanaokula majani makavu na maganda, na joto lile ni la kazi yao. Kisha ikabaki chupa ya maharage tuliyovuna, makavu, kifuniko kimekazwa, juu ya rafu. Niliandika kwamba mbegu hizo ni hai, zinavuta hewa polepole mno, zimelala.

Yule aliyeona begi la haragwe akaitazama chupa.

"Zimelala kweli, Mwalimu?"

"Zimelala."

"Ndiyo maana mvua ikija zinaota."

Wenzake hawakucheka, walikubali kwa vichwa, kama jambo la wazi. Maneno yake nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la msimu ujao, na kibanio nimekiweka baada ya ukurasa huo.