Bodi ya miaka ya 80 imewaka!

Jamani, imewaka! Bodi ya gemu la kabati (yale mashine makubwa ya kumbi za michezo) iliyokaa kimya miaka mingi, leo imeandika kwenye skrini RAM OK, ROM OK, yaani chipu zake za kumbukumbu ni nzima. Nina furaha isiyo kifani.

Ni bodi ya JAMMA, mpangilio wa kuunganisha bodi na kabati ulioanza Japani mwaka 1985: meno 56 ya chuma ukingoni mwa bodi, 28 kila upande, na umeme, picha, sauti na vitufe vyote vinapita soketi moja. Zamani kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Pac-Man ya 1980, kwa mfano, ina meno 44. Ukichomeka kwa kubahatisha unaunguza chipu ambazo hazitengenezwi tena.

Ndiyo maana siwashi kitu kabla ya kupima. Nasafisha meno kwa spiriti mpaka yang'ae, kisha naweka mita kati ya laini ya volti 5 inayolisha bodi na ile ya ardhi (hasi) kuhakikisha hakuna shoti. Nikishawasha, volti 5 hiyo naipima kwenye miguu ya chipu yenyewe, siyo kwenye pawa saplai, maana waya mwembamba hula umeme njiani. Ikishuka chini ya 4.75 bodi huanza kujizima na kujiwasha ovyo, na watu huitupa wakidhani imekufa. Inaniuma sana hiyo.

Hii picha yake ilikuwa inateleza kimshazari, ingawa rangi zote zipo. Nikaenda moja kwa moja kwenye waya wa sinki (sync, ishara inayoshikilia picha isiteleze), jino la 13 upande wa solda: umelegea. Nikausolda upya, picha ikatulia tuli.

Sauti bado inakwaruza. Nashuku kapasita za amplifaya, kesho nazibadilisha.