Kazi nimekupa, karatasi je?

Wiki chache zilizopita, saa kumi alfajiri simu inalia, kuangalia ni mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa Diani ambaye kila akishuka treni pale Miritini huwa namchukua mimi. Siku hiyo gari langu liko gereji limetolewa klachi kwa hivyo nilimtumia dereva mwengine. "Mwanangu, huyu dereva wako kasimamishwa na polisi huku Dongo Kundu, niko kando ya barabara na mjukuu na mabegi mawili, nifanyeje?" Usingizi wote ukaruka.

Sasa wenye kazi hii ya teksi Mombasa mnajua inavyokwenda. Tuna grupu letu la WhatsApp, mtu akiwa na kazi haiwezi anaitupa mle, "Miritini Diani, treni ya usiku, elfu nne, nani yuko", wa kwanza kujibu ndo yake na aliyeitoa anakula mia nne, basi. Jamaa aliyeichukua namjua, mpole, anaendesha vizuri kunishinda mimi hata. Kumbe PSV yake, ile leseni ya kubeba abiria wa kulipa, imeisha siku kumi na moja zilizopita na alikuwa "anapanga kwenda". Halafu stika ya bima kwenye kioo ni ya gari la binafsi, maana mwenye gari aliona ile ya PSV ghali. Mimi usiku ule nilimuuliza swali moja tu, kama AC inafanya kazi.

Yaani tunazitukana hizi app za teksi kila siku lakini angalau zinakudai karatasi. PSV, cheti cha tabia njema kutoka DCI, polisi wa upelelezi (ile shilingi 1,050 unayolipa eCitizen, mtandao wa serikali, halafu unaenda kuwekwa wino vidole vyote), inspeksheni, bima, na kimoja kikipitwa na tarehe unaamka akaunti imefungwa. Grupu halimfungii mtu kitu. Admin wetu kazi yake ni kuwatoa wanaotuma linki za kamari.

Na msinambie sheria ni za kampuni za app peke yao. Zile kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za 2022 za teksi za mtandaoni, ambazo madereva wengi tunakumbuka kipengele kimoja tu, cha komisheni isizidi asilimia 18, jina lake lenyewe limetaja wamiliki, madereva na abiria. Hata bila app, ukishabeba mtu kwa pesa wewe ni PSV, iwe kazi umeipata kwa simu, kwa grupu au kwa shemeji yako. Kwenye bima ndo kubaya zaidi, sheria inamshika anayeendesha pamoja na anayemruhusu aendeshe, kwa hivyo ile hesabu ya mwenye gari ya kubana senti inaweza kumrudia mwenyewe, na gari likigongwa limebeba abiria wa kulipa huku bima ni ya binafsi, kampuni ya bima ina sababu tayari ya kukugeuka.

Kuna na masaa. Sheria ya trafiki inasema dereva wa PSV asizidi masaa 8 kwa siku, sasa sisi mtu kaamka na app asubuhi, amezunguka Nyali na Bamburi mpaka usiku, anazima app anajiona amemaliza, halafu anadaka kazi ya grupu ya saa tisa. App haijui lakini macho ni yaleyale.

Namba za wateja pia, hili lilikuwa halijanipitia kichwani kabisa. Mimi mwenyewe nilibandika namba ya yule mama mbele ya watu mia na kitu, na wiki iliyofuata kapigiwa na mtu asiyemjua anamuuzia safari ya Tsavo. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na mimi najifanya sijui. Siku hizi namba naituma inboksi kwa aliyepata kazi peke yake.

Wale wa kukodishiana akaunti ya app sina la kuwaambia, abiria anaona picha ya Juma anakuja Hamisi, siku likitokea la kutokea jieleze.

Yule mama nilimtafutia gari jengine kutoka Likoni, akafika Diani kumi na moja alfajiri, nikalipa mimi. Jamaa alilala kituoni akatoka kwa bondi. Mia nne zangu zimeniuma sana.

Tangu hapo nikitoa kazi naomba picha mbili, PSV na stika ya bima, kisha ndo natuma loksheni. Jana mmoja kaniuliza, "Kwani umeajiriwa trafiki lini bro?" Lakini picha akatuma. Kidole gumba kiko juu ya tarehe.