Nilivyotoa makaa safi kwenye tope, baada ya gunia la chumvi kupotea bure

Nachoma matofali huku Mbinga, si mbali na machimbo ya makaa ya mawe. Makaa ya vipande yanapakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji. Vumbi lililochanganyika na udongo linabaki, na masika yakifika linageuka tope jeusi. Niliruhusiwa kulichota, nikalitia tanurini jinsi lilivyo. Moto ulidumaa, na matofali ya katikati yote yakatoka mabichi.

Ushauri wa kwanza niliopewa unaniuma hadi leo. Jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu aliniambia, "Mzee, koroga chumvi kwenye maji mpaka yai lielee. Yai likielea, na makaa yataelea, udongo utazama." Nikanunua gunia zima. Yai likaelea vizuri kabisa! Nikamimina tope, nikakoroga, nikaenda kulala na furaha. Asubuhi hakuna kilichoelea. Nikaongeza chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka, na makaa yakabaki chini vilevile. Binti yangu anayesoma fizikia ndiye aliyenifungua macho: lita ya maji yaliyoshiba chumvi ina kilo 1.2 hivi, lakini makaa ya ujazo huo yanafika 1.3. Gunia la pili lisingebadilisha kitu.

Jibu nililipata nikinawa mikono baada ya kula chipsi. Udongo ulitoka mara moja, weusi ukang'ang'ania penye mafuta. Makaa hushikana na mafuta, udongo hushikana na maji!

Sasa nachukua mafuta machakavu kwa mama muuza chipsi, bei yake ndogo sana ukilinganisha na mafuta ya taa. Tope nalifanya jepesi kama uji wa mgonjwa, kisha nakoroga kwa drili niliyoifunga mchapo wa kukorogea rangi. Kwa makaa yanayokaribia kilo mbili naanza na kikombe cha chai cha mafuta, naongeza kidogo kidogo. Usimimine yote, utapata donge la kunata lisilosafishika. Koroga kwa nguvu, usichoke. Ghafla maji yanakuwa ya kijivu, na makaa yanajikusanya punje punje kama ulezi. Naona raha kila mara! Mwaga kwenye chekeche la unga, suuza: udongo unapita, punje zinabaki. Mafuta hayapotei, nayo yanaungua.

Tope la juu lililopigwa jua miaka mingi halishiki mafuta. Chimba chini.

Kijiko cha tope la awali nikikichoma kilibakiza majivu karibu nusu, cha punje hakikufika robo. Punje nazikanda kwa uji wa muhogo, nazianika. Harufu ya kiberiti bado ipo, kwa hiyo usizipeleke jikoni ndani ya nyumba. Mimi nazitumia tanurini tu, na tanuri la mwisho matofali ya katikati yaliiva mekundu, yakigongwa yanalia.