Walitaka kufungua injini, ugonjwa ulikuwa klachi

Kila niliyemuuliza hapa Mbale, Uganda, alinijibu neno moja: ringi, zile pete za pistoni ndani ya injini. Pikipiki yangu, Boxer ya 2012, kwenye tambarare ilikuwa haina neno, lakini tukianza kupanda kuelekea Sipi inalia tu, haiendi. "Ringi zimekufa, mzee. Lete laki moja na kitu tufungue injini." Mwingine akasema ni hewa ya Kapchorwa, huko juu ni nyepesi, kabureta inataka kurekebishwa. Hewa ya huko ni nyepesi kweli, ila haikuanza kuwa nyepesi mwaka huu, na pikipiki hiihii ilikuwa ikipanda na abiria na kushuka na magunia ya viazi bila kulalamika.

Mimi si fundi, lakini masikio ninayo. Injini iliyochoka ukiipa mlima sauti yake inazama, inakohoa, unalazimika kurudisha gia. Yangu ilikuwa kinyume. Nikifungua mafuta sauti inapaa kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na pikipiki imebaki palepale. Kwa hiyo nguvu ipo, inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye tairi. Tena bomba halikutoa moshi wa buluu na oili haikupungua, wakati ringi zilizokufa zinakunywa oili. Cheni na sproketi nilizikagua pia, maana meno yakilika cheni inaruka, lakini ile inagonga ka-ka-ka mpaka unaisikia miguuni. Hii ilikuwa inateleza laini, bila kugonga.

Fundi mmoja alikubali kunisikiliza habari ya klachi, yaani kile kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia, akafanya kile kipimo kinachojulikana steji zote za bodaboda: tairi la mbele kwenye shina la mfenesi, gia ya nne, mafuta kidogo, achia klachi polepole. Injini ikazima. Akajifuta mikono. "Umeona? Klachi ingekuwa mbovu isingezima." Vijana wakaangua kicheko, na mimi nikaondoka na pikipiki yangu na hasira zangu.

Kipimo hicho kinakamata klachi iliyokufa kabisa, basi. Injini ikiwa baridi na inanguruma chinichini haidai kitu, hata klachi iliyobakiza nusu ya uhai inaishika. Klachi inaumbuka pale injini inapotoa nguvu zake zote na mzigo unakataa kusogea, yaani gia ya juu, mlimani, oili ikiwa imeshachemka. Ndiyo maana gia ya kwanza ilikuwa haionyeshi kasoro, nao wakaamua injini "imeshindwa kuvuta gia kubwa".

Kipimo cha kweli kinataka uangalie mshale wa spidi, na mshale wangu ulishalala zamani. Nikamwomba jirani yangu wa steji, ambaye wake unafanya kazi, tupande wote. Nyuma yangu nikampakia muuza nyama mmoja, mtu mzito kuliko wote tuliompata asubuhi ile, aliyekubali kwa sharti la soda. Tulipoacha tambarare na barabara ikawa tupu tukaenda sambamba, gia ya tatu, yeye akisoma arobaini. Nikamwambia: shika hapohapo, usiongeze wala usipunguze. Kisha nikafungua mafuta yote kwa mkupuo.

Injini ikapiga yowe mpaka muuza nyama akanikamata mabega. Nikatupa jicho pembeni: kioo cha jirani bado kiko usawa wa mkono wangu. Sikumpita hata kwa urefu wa tairi! Nikarudisha mafuta, yowe likaisha, bado tuko sambamba. Tukarudia juu zaidi injini ikiwa moto, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananiacha kidogokidogo huku mimi nikipiga kelele. "Kaka, hiyo ni klachi!" akanipazia sauti. Ile soda niliinunua kwa moyo mweupe, na chapati juu yake.

Kabla ya kununua kifaa nikaangalia waya wa klachi, na hapo hasira zikarudi. Mkono wa klachi ulikuwa umekazwa kama uzi wa gitaa, hauna hata punje ya kucheza. Kumbe nilipolalamika mara ya kwanza kuna aliyenikazia waya "ili klachi ishike vizuri". Ukikaza waya hushikishi klachi, unaiachisha. Ni sawa na kupanda mlima umeweka vidole kwenye klachi safari nzima. Mkono unatakiwa ucheze milimita mbili tatu pale kwenye shina lake kabla haujaanza kuvuta. Nikalegeza, na kwa muda ikapanda vizuri, nikaanza kujigamba. Halafu ikarudia, maana pleti, zile sahani za klachi zinazobanana kupitisha nguvu, zilikuwa zimeshaungua kwa kuendeshwa hivyo.

Oili nayo ilichangia, naamini. Nilipofungua kifuniko ilitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua. Duka moja lilikuwa likinipimia oili ya magari, eti oili ni oili. Pleti za klachi ya pikipiki hii zinaogelea katika oili ileile ya injini, na oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Msuguano ndio klachi yenyewe! Angalia kopo limeandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Kama halina maandishi hayo, mwachie mwenye gari.

Kufungua si kazi kubwa, ni upande wa kulia, ukishatoa oili na kiki. Pleti za chuma zilikuwa na madoa ya buluu. Nilizilaza moja moja juu ya kipande cha kioo cha dirisha nikazibonyeza pembeni, na mbili zikawa zinabembea, yaani zimepinda. Springi nilizisimamisha mezani karibu na mpya. Za zamani zilikuwa fupi, unaona kwa macho bila kupima. Fundi alitaka kuzirudisha tuokoe hela. Nikakataa: pleti mpya zikisukumwa na springi zilizochoka utateleza tena. Pleti mpya zililala kwenye oili usiku kucha, na bolti za springi tulikaza kidogokidogo kwa mshazari. Gasketi nilinunua mpya, sitaki habari za kupaka gundi. Vifaa vyote havikufika laki, na injini haikuguswa.

Sasa ninapanda Sipi na gia ya tatu, na mafuta ya siku yanabaki.

Ukienda kununua pikipiki ya mkono wa pili na muuzaji anakuachia uijaribu uwanjani tu, peke yako, mwambie apande nyuma mwende mlimani, injini ipate moto. Akisema ana haraka, mwache nayo.